UZI: Unakuja Strasbourg, Ufaransa? Jua salamu na masaa ya huu mji kabla hujafunga begi

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Naona humu maswali ya Ufaransa yakija yote yanaelekea Paris, wakati watu wetu wengi wanaokuja kwa mikutano, masomo au kumtembelea ndugu wanaishia miji mingine kabisa. Mmojawapo ni Strasbourg, mashariki kabisa, ukivuka mto Rhine tu uko Ujerumani. Hapa ndo kuna Baraza la Ulaya, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na Bunge la Ulaya, kwahiyo wageni toka Afrika Mashariki hawakosi. Mi naishi hapa, wageni toka nyumbani napokea sana na maswali yao yanafanana, acha niyaweke sehemu moja. Uzi mrefu, vuta kiti.

Naanza na kubwa kuliko yote, SALAMU. Watu wengi wanakuja wakiamini Ulaya hakuna kusalimiana, kila mtu na hamsini zake. Hapa sivyo. Ukiingia duka la mkate, famasia, posta, hata chumba cha kusubiria daktari chenye watu usiowajua, unasema bonjour kwanza, unangoja uitikiwe, ndo unaleta shida yako. Ukipanda basi unamsalimia dereva. Ukiingia kwenye lifti ukakuta mtu, unamsalimia. Jua likishaanza kuzama inakuwa bonsoir. Ukitoka unaaga, merci, bonne journée, hata kama hukununua kitu.

Nitawaambia nilichokiona kwenye duka la mkate mtaani kwangu siku ya Jumapili asubuhi, foleni imefika mpaka nje. Kijana mmoja mtalii zamu yake ilipofika akaonyesha kidole kwenye kioo akaanza kutaja anachotaka kwa Kiingereza. Yule mama muuzaji koleo liko mkononi, hakugusa chochote nalo, akasema taratibu tu "Bonjour, monsieur". Kijana akadhani hajasikika, akarudia oda yake kwa sauti zaidi. Mama naye akarudia "Bonjour, monsieur". Foleni nzima kimya. Kijana alivyoelewa akasema bonjour, mama akatabasamu, akampa mikate yake, na akamuelekeza njia ya kanisa kuu kwa Kiingereza kizuri kabisa! Yaani Kiingereza alikuwa nacho muda wote, alichokuwa anasubiri ni kutambuliwa kama mtu kwanza.

Sasa jamani, sisi tumelelewa hivyohivyo. Nani kati yetu anaingia dukani kwa Mangi anasema "nipe sukari nusu" bila "habari za saa hizi"? Ukifika hapa fanya ulichofundishwa na bibi yako, badili lugha tu. Wanaosema Wafaransa wana dharau wengi wao waliruka hii hatua, na mi nimeona kwa macho yangu ofisi ileile, karani yuleyule, anavyobadilika kwa mtu aliyeanza na salamu.

Na mtu mzima au usiyemjua unamuita "vous" (wewe ya heshima), sio "tu" (wewe ya kuzoeana). Ukikosea hawakugombezi wakijua we mgeni ila ukianza na vous unakuwa salama siku zote.

Naendelea, mwenye swali aulize.

#2 Mwana Kigoma

Mkuu huu uzi ulikuwa unahitajika. Mi nakuja kwa mkutano wa wiki moja, swali langu ni msosi. Kuna jamaa alinambia alizunguka saa kumi jioni ana njaa mji mzima hakuna anayempikia. Ni kweli?

#3 Mleta uzi

Ni kweli kabisa na hapo ndo naingia kwenye jambo la pili, MASAA. Hapa jiko la mgahawa linafunguliwa saa 6 mchana mpaka kama saa 8, halafu linafungwa mpaka saa 1 jioni. Katikati hapo utapata kahawa, keki, soda, chakula cha kupika hupati, labda mgahawa umeandika "service continu" mlangoni, au uende kwa Waturuki wa kebabu, ambao karibu na stesheni wako wengi na wanapika muda wote. Kwahiyo kikao chenu kikiisha saa 7 na nusu usianze kupiga stori koridoni, nenda kakae mezani kwanza.

Ukiingia mgahawani usijichagulie meza, simama mlangoni, salimia, sema mko wangapi, utaonyeshwa. Chakula cha bei nafuu mchana ni plat du jour, sahani moja ya siku hiyo, inaandikwa kwenye ubao nje. Maji omba "une carafe d'eau", ni maji ya bomba kwenye jagi, bure, na ni haki yako kisheria, hayana shida yoyote kunywa. Mkate nao unakuja bure. Usiposema carafe utaletewa chupa ya maji ya kulipia.

Muhudumu hatakuletea bili mpaka uombe. Watu wanakaa nusu saa wananuna wanadhani wamesahauliwa, kumbe kwao kumletea mtu bili hajaomba ni kama kumwambia nyanyuka tunahitaji kiti. Mkiwa tayari mwangalie machoni, sema "l'addition, s'il vous plaît". Kumpigia miluzi au kumuita kwa vidole hapana. Bakshishi sio lazima, bei uliyoiona kwenye menyu imeshajumlisha kodi na huduma, ukiridhika unaacha euro moja mbili mezani, ukiondoka bila kuacha hakuna anayekukasirikia.

Jumapili ndo siku ya kujipanga. Huu mkoa wa Alsace una sheria zake toka enzi za Wajerumani, mji ulikuwa chini ya Ujerumani toka 1871 mpaka 1918, yaani wakati wazee wetu wanapigana Maji Maji 1905 mpaka 1907 na huku nako alikuwa anatawala Kaiser huyohuyo. Waliporudi Ufaransa wakabaki na baadhi ya zile sheria. Mojawapo ni kwamba biashara ya Jumapili inabanwa zaidi kuliko Paris, supamaketi kubwa zinafungwa, maduka ya nguo yanafungwa, na kuvuka kwenda Ujerumani hakusaidii maana huko nako wamefunga. Kinachofunguliwa ni maduka ya mkate asubuhi, migahawa, makumbusho. Na wana sikukuu mbili ambazo sehemu nyingine za Ufaransa hawana, Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba. Kwahiyo ukifika Jumamosi jioni pitia supamaketi kabla hujaenda kulala, nunua maji, matunda, mayai, kitu cha kukufikisha Jumatatu.

Nenda na mfuko wako kabisa, rambo pale kwenye malipo hamna, toka 2016 walipiga marufuku. Toroli linafunguliwa kwa kuchomeka sarafu, unarudishiwa ukilirudisha. Matunda maduka mengine unapima mwenyewe kwenye mzani unabandika karatasi ya bei kabla ya kufika kaunta.

#4 Binti Unguja

Assalaam alaykum. Kaka, mimi na dada yangu tunakuja In shaa Allah, tunavaa buibui na mwenzangu anavaa nikabu. Nna masuali mawili, mavazi yanaruhusiwa? Na chakula cha halali hapo kikoje, nimesikia Alsace kila kitu nguruwe.

#5 Mleta uzi

Waalaykum salaam dada yangu, karibuni sana.

Mavazi kwanza. Buibui na mtandio mtaani, dukani, kwenye tramu, hamna shida, wanawake wa hijabu hapa ni wengi na utawaona kila mahali. Ila kufunika uso kumekatazwa kwa sheria ya 2010 iliyoanza kutumika Aprili 2011, nchi nzima, sehemu zote za umma, faini inaweza kufika euro 150 na polisi watamtaka aonyeshe uso. Kwahiyo mwenzio alijue hilo akiwa bado Unguja, aamue kwa utulivu, sio ashtukizwe uwanja wa ndege.

Msikiti mkuu upo, Grande Mosquée de Strasbourg, ulifunguliwa rasmi 2012, uko pembeni ya maji na ni mkubwa mzuri, Ijumaa unajaa. Zingatieni nyakati za swala, huku jua halijui saa zetu. Desemba linazama kama saa 10 na nusu jioni, Juni linapita saa 3 na nusu usiku, kwahiyo mkija kiangazi magharibi na isha vinawasogeza usiku sana.

Chakula, uliyosikia yana ukweli. Choucroute, ile kabichi iliyochachushwa, inakuja na soseji na nyama ya nguruwe juu yake. Flammekueche ndo chakula cha vijana na familia, donge la unga wa ngano lililosukumwa jembamba kama chapati likachomwa kwenye tanuri la kuni, juu krimu, vitunguu na vipande vya nguruwe. Baeckeoffe ni nyama za aina tatu, ng'ombe, kondoo na nguruwe, zinalazwa kwenye mvinyo mweupe usiku mzima. Hata saladi inaweza kuja na vipande vya nguruwe juu na menyu haijasisitiza. Sema wazi "sans porc, sans lardons, sans alcool", na uliza kuhusu mvinyo maana kwenye mchuzi upo na wao hawauoni kama ni jambo la kutaja. Flammekueche ya uyoga au jibini bila nyama ipo karibu kila mahali ila tanuri ni lilelile, hapo kila mtu na msimamo wake. Kwa halali kamili mna migahawa ya Kituruki, Kimoroko na Kialgeria, na bucha za halali zipo. Keki ya kougelhopf ulizeni kabla, zabibu zake mara nyingine zinalowekwa kwenye pombe kali.

Kitu kimoja mkumbuke, anayekataa pombe hapa haulizwi maswali. Kwenye kugonganisha glasi gonganisha na juisi yako, mwangalie mwenzio machoni wakati mnagonga, hiyo wanaijali sana, kilichomo ndani ya glasi hawakijali.

#6 Wa Bukavu

Bandugu jambo. Miye natoka Bukavu, Kifaransa ninacho, nilidhani huko nitapita bila shida. Niongeze kimoja: sisi Congo tunasema septante (70) na nonante (90) kama Wabelji, Burundi na Rwanda vilevile. Strasbourg wanasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Bei ikitajwa haraka sokoni angalia kwenye mashine ya pesa usitegemee sikio. Wanakuelewa ukisema septante, ila wao hawatakubadilishia.

#7 Mleta uzi

Asante sana ndugu, hilo ni kweli na wengi wa Goma na Bukavu nawaona wakisita hapohapo.

Ulivyotaja soko, Jumanne na Jumamosi asubuhi kuna soko kubwa boulevard de la Marne, nendeni hata kama hamnunui. Sheria ya hapo ni kwamba kwenye meza nyingi hushiki tunda wala hubonyezi parachichi, unamwambia muuzaji unataka la kula leo au keshokutwa, anakuchagulia yeye, na anachagua vizuri kwelikweli maana anataka urudi. Kupatana bei hamna. Muda wa kufunga ukikaribia, saa saba hivi mchana, wenyewe wanaanza kuita bei za kushusha.

Ukikosa sembe usihangaike, supamaketi yoyote ina polenta, ni unga wa mahindi ya njano, unasonga ugali wako vizuri tu, chukua ile ya punje ndogo.

Sasa usafiri. Mji una tramu, mistari A mpaka F, kampuni inaitwa CTS. Tiketi inanunuliwa kwenye mashine kituoni au kwenye simu, na hapa ndo wageni wengi wanapigwa faini: ukishanunua unatakiwa uigongeshe kwenye kile kimashine kilichoko hapo kituoni KABLA hujapanda, ndani ya tramu haipo. Kwenye basi inakuwa ndani. Kuwa na tiketi ambayo hujaigongesha ni sawa na kutokuwa nayo, wakaguzi wanapanda kwa kundi, wawili mlango huu wawili mlango ule, na neno "mimi mgeni" wanalisikia kila siku. Kama mnazunguka sana kuna tiketi ya masaa 24.

Mstari D unavuka Rhine mpaka Kehl, Ujerumani, toka Aprili 2017, kwa tiketi hiyohiyo ya mjini. Wenyeji wanaenda kununua sabuni, nepi, mafuta ya kujipaka, sigara, kwa sababu bei ni ndogo. Viza yako ya Schengen inakuruhusu ila BEBA PASIPOTI YENYEWE, sio picha kwenye simu, Ujerumani ilirudisha ukaguzi mipakani na polisi wanaingia kwenye tramu.

Baiskeli nazo. Huu mji ni wa baiskeli kuliko karibu mji wowote Ufaransa, njia zake nyingine ziko juu ya kingo za barabara zimechorwa tu alama ya baiskeli. Mgeni anasimama hapohapo apige picha ya nyumba za mbao, nyuma inakuja kengele. Angalia chini kabla ya kusimama.

#8 Eastlando

Buda asante, hii thread ni moto. Mimi niko Nairobi nakuja December na bibi yangu kwa Christmas market. Tupange aje? Na sockets za huko je?

#9 Mleta uzi

Karibuni. Soketi ni za pini mbili za duara, volti 230, plagi zetu za pini tatu bapa za Kenya, Uganda na Bongo hazingii, njoo na adapta maana ukinunua hapa utatafuta sana, zinazojaa madukani ni za Mfaransa anayekwenda Uingereza, sio wewe unayekuja. Wa Congo, Burundi na Rwanda nyie mara nyingi plagi zenu zinaingia.

Soko la Krismasi la hapa ni la toka 1570, linaanza wiki ya mwisho ya Novemba. Tarehe ya kufunga inabadilika mwaka hadi mwaka kwahiyo angalia kabla ya kukata tiketi ya ndege, kuna watu wanakuja tarehe 28 Desemba wanakuta mbao zinabomolewa. Usije wikiendi kama unaweza, njoo Jumanne au Jumatano mchana, taa zikiwaka saa 11 unakuwa tayari umepata nafasi ya kusimama. Mifuko inakaguliwa kwenye madaraja ya kuingilia, na tangu shambulio la tarehe 11 Desemba 2018 ulinzi ni mkali, usibebe begi kubwa wala kisu hata cha matunda. Vituo vingine vya tramu katikati ya mji vinarukwa siku za msongamano, shuka kabla utembee.

Mvinyo wa moto unaitwa vin chaud, watoto na wasiokunywa wanachukua juisi ya tufaha ya moto na viungo, tamu sana, mdalasini na karafuu, mtu wa pwani atajisikia kwao. Unalipia na kikombe kama dhamana, ukirudisha kikombe unarudishiwa hela yako.

Baridi ya hapa mji uko bondeni kati ya safu mbili za milima, ni baridi ya kukaa, inakuja toka chini. Koti utaazima, viatu huwezi kuazima. Njoo na viatu vya soli nene na soksi za sufu, mengine yote utarekebisha hapa.

Kanisa kuu, Cathédrale Notre-Dame, kuingia ni bure. Mawe yake ni ya rangi ya waridi, toka milima ya Vosges, mnara wake ulikamilika 1439, una mita 142 na kwa zaidi ya miaka 200, mpaka 1874, hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Simama chini yake jioni jua linapolipiga ubavuni, jiwe linakuwa jekundu kama kaa, uone ilivyochongwa mpaka sehemu ambazo jicho la mtu wa chini halifiki. Ndani kuna saa ya kifalaki ya karne ya 19, saa 6 na nusu mchana mitume kumi na wawili wanapita mbele ya Yesu na jogoo anawika. Hiyo ina tiketi yake, wahi. Na heshima za nyumba ya ibada ni zilezile, kofia wanaume mnavua, simu kimya, kama kuna misa husogei mbele.

Makumbusho ya mji yanakuwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Na juu ya Barrage Vauban, lile daraja la zamani la maji, kuna baraza la kupanda bure, unaona Petite France yote, ule mtaa wa zamani wa nyumba za mbao, na mnara wa kanisa nyuma yake, wengi wanalipia boti hawajui kama hapo pa bure papo.

#10 Mwana Kigoma

Mkuu hoteli naona wiki yangu bei imepanda mara mbili ya wiki inayofuata, kuna nini?

#11 Mleta uzi

Bunge la Ulaya. Linakaa hapa karibu kila mwezi isipokuwa Agosti, Jumatatu mpaka Alhamisi, wabunge na wasaidizi na waandishi wanahama toka Brussels wanajaza vyumba vyote. Kalenda yao ni ya wazi, iko kwenye tovuti ya bunge mwaka mzima. Kama tarehe zako hazibadiliki tafuta chumba Kehl upande wa Ujerumani au nje kidogo kwenye mstari wa tramu, dakika 20 uko katikati ya mji.

#12 Binti Unguja

Nimefurahi sana. La mwisho, tumealikwa chakula cha usiku kwa familia ya Kifaransa, tuende vipi?

#13 Mleta uzi

Hilo zuri, kualikwa nyumbani huku ni heshima kubwa, mtu hakualiki juujuu.

Ukiambiwa saa 2 usiku fika saa 2 na dakika 10 au 15. Kuwahi ni kumkuta mwenyeji bado na aproni, na ukichelewa zaidi ya nusu saa bila kupiga simu unaharibu chakula. Usiende mikono mitupu, ila msipeleke chakula cha mezani, menyu yao imeshapangwa toka chakula cha kufungulia mpaka jibini. Peleka maua au chokoleti. Maua yasiwe krisanthemu, hayo wanapeleka makaburini Novemba mosi. Mkiwa na karafuu, viungo vya pilau, ukili au kitenge toka Unguja peleka hicho, watakipenda kuliko kingine chochote na mtapata cha kuongea usiku kucha.

Mlangoni kuna bise, kugusanisha mashavu, hapa kwa kawaida mara mbili. Kama hutaki, wahi kunyoosha mkono, au weka mkono kifuani na utabasamu, wanaelewa. Mezani subiri uonyeshwe kiti, usianze mpaka mwenyeji aanze. Mikono yote miwili iwe juu ya meza, sio mapajani. Mkate unakatwa kwa mkono, unawekwa juu ya kitambaa pembeni ya sahani. Jibini likija likiwa la pembe tatu kama kipande cha keki, usikate ile ncha, kata kwa urefu ili kila mtu apate katikati na ganda. Na waambieni mapema, siku ya kualikwa, kwamba hamli nguruwe wala pombe. Mfaransa akiambiwa mapema anapika kwa moyo, akigundua mezani anaumia yeye zaidi yako.

Chakula kitachukua masaa matatu. Usiangalie simu. Kesho yake tuma ujumbe wa kushukuru.

#14 Shangazi wa Moshi

Habari zenu wanangu. Binti yangu anajifungua huko, naenda kukaa naye miezi miwili. Sijui Kifaransa, nashuka Paris uwanja wa ndege peke yangu. Na nimemuandalia samli, nyama kavu na maembe. Nisaidieni.

#15 Mleta uzi

Shikamoo shangazi, na hongera ya mjukuu. Hili nalijibu taratibu.

Mzigo kwanza. Samli na nyama kavu usibebe, vyakula vyote vya nyama na maziwa toka nje ya Ulaya vinakatazwa kwenye begi la abiria, forodha wanavitupa na wanaweza kukutoza faini. Maembe nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea ambacho hutakuwa nacho. Matunda yanayopita bila cheti ni ndizi, nanasi, nazi, tende na durian basi, kwahiyo shangazi ndizi za mtori zinapita, mletee mzazi ndizi zake. Dagaa na samaki wakavu wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa matumizi yako. Unga wa uji wa ulezi sawa, ufungwe vizuri. Nyama ya mtori na siagi mtanunua hapa.

Dawa zako za presha au sukari beba za miezi yote miwili, zikiwa kwenye boksi zake na karatasi ya daktari, kwenye begi la mkononi. Hapa hata panadol inauzwa famasia tu, zile zenye msalaba wa kijani, na Jumapili ni famasia ya zamu. Dharura ni 112 kwa kila kitu, gari la wagonjwa moja kwa moja 15.

Makaratasi, mpakani Ufaransa wanaweza kukuuliza ulichoulizwa ubalozini. Beba ile barua ya mwenyeji, attestation d'accueil, halisi kabisa, ambayo binti yako anaichukua manispaa anakoishi. Aiombe mapema mno, miadi ya manispaa haipatikani kesho yake. Beba bima ya euro 30,000 na tiketi ya kurudi. Ada ya viza yenyewe ni euro 90 toka Juni 2024 kwa mtu mzima. Toka Oktoba 2025 walianza kuchukua picha na alama za vidole mpakani, foleni inaweza kuchukua muda, kwahiyo binti asikukatie treni ya saa moja baada ya ndege kutua. Akupe masaa matatu.

Treni, pale pale uwanjani Charles de Gaulle, terminal 2, kuna stesheni ya TGV, treni ya mwendo kasi, na zipo zinazokuja Strasbourg moja kwa moja bila kupita Paris mjini. Amkatie hiyo, kwa hali yoyote, hata ikiwa ghali kidogo kuliko ya kuanzia Gare de l'Est, stesheni ya Paris mjini, ambayo ni ya saa 1 na dakika 46 tu lakini itabidi uvuke jiji na mizigo. Kwenye tiketi kuna namba ya behewa na namba ya kiti, akuandikie kwa wino kubwa kwenye karatasi. Namba ya jukwaa inatokea kwenye kioo kama dakika 20 kabla, sio mapema, kwahiyo usiogope ukiona hakuna. Milango inafungwa dakika 2 kabla ya muda, hawasubiri. Mfuate mtu mwenye sare, sema "bonjour", muonyeshe ile karatasi, atakuonyesha pa kusimama.

Saa zao wanazihesabu mpaka 24, tiketi ikiandika 14h ni saa 8 mchana kwetu, akuandikie zote mbili.

Shangazi nitumie PM siku na saa ndege yako inatua, nikuangalizie treni ya moja kwa moja leo jioni.